Maneno Kumi na Tano Tuliyoyaiba

Nawaandikia waliogongwa kichwa, wakainuka wenyewe, wakampungia refa mkono kuonyesha kwamba hakuna neno, kisha wakamaliza mechi. Ninyi mnajijua. Wake zenu nao wanawajua, na huenda ni wao wanaosoma haya, kwa sababu ninyi siku hizi mnasema maandishi yanawaumiza macho. Yaliniumiza na mimi, karibu mwaka mzima.

Nina miaka hamsini na tatu. Kwenye karatasi za mpira nina arobaini na tisa. Ninafundisha historia chuo kikuu hapa Lubumbashi nikiwa na cheo cha chef de travaux, yaani mtu ambaye tasnifu yake imekuwa ikikaribia kumalizika tangu watoto wake hawajaota meno. Watu wananiita Prof, wengine kwa heshima, wengine kwa kunicheka, na sijawahi kumsahihisha yeyote. Kwa miaka kumi na minane, kila Jumapili asubuhi, nilikuwa golikipa wa maveterani wa mtaa wa Katuba. Wenzangu waliniita Boutique, yaani duka. Kwa muda mrefu nilidhani ni kwa sababu nilikuwa na kila kitu. Kumbe ni kwa sababu nilikuwa wazi tangu asubuhi mpaka jioni.

Siku yenyewe ilikuwa mwishoni mwa mvua, uwanja mwekundu bado umelainika. Tulicheza na maveterani wa Kamalondo, ambao mshambuliaji wao ni fundi cherehani mwenye tumbo la kutosha watu wawili. Mpira ulipigwa juu, yeye akaruka, mimi nikaruka. Goti lake lilinipata upande wa kushoto wa kichwa, na mwamba wa goli ukanipata upande wa kulia. Mpira niliudaka. Naomba hilo lisisahaulike.

Nilipofumbua macho, nahodha wetu Kasongo alikuwa ameniinamia. Ni fundi wa magari, na sisi tunamwita Capita, kama wasimamizi wa kazi wa zamani, kwa kuwa hajui kuongea bila kuamrisha.

“Prof! Hii ni bidole ngapi?”

“Tatu.”

Alikuwa ameonyesha viwili. Aliutazama mkono wake, akaongeza kidole kimoja, akamgeukia refa. “Iko sawa. Tuendelee.”

Tukaendelea. Naambiwa tulishinda.

Sitaeleza ubongo unavyofanya kazi. Nilijaribu kusoma mambo hayo, na ukurasa wa kwanza ulinichukua siku tatu. Nitaeleza tu yaliyoonekana nyumbani. Kwanza mwanga. Jua la saa nne lilinichoma kama kwamba mtu ananifungulia tanuri usoni. Halafu kelele: jenereta ya jirani, mabati ya paa yakipigwa na upepo, sufuria. Kisha maneno yakaanza kunikimbia. Nilisimama mbele ya wanafunzi nikitaka kusema “reli”, neno ambalo lilimlisha babu yangu aliyeshuka kutoka kaskazini kuja kuijenga, na halikuja. Nikasema “ile njia ya chuma”. Wanafunzi wakaandika “njia ya chuma” kwenye madaftari yao, wakidhani ni dhana mpya.

Baridi ya mwezi wa sita ilipoingia, huzuni nayo iliingia, na haikuwa na sababu. Hilo ndilo lililonitia aibu. Mtu aliyefiwa ana cha kusema. Mimi nililia mezani kwa sababu bukari, ugali wetu wa hapa, ilikuwa moto. Suruali zilianza kunivuka. Ndevu nilizisahau. Nililala mchana kutwa na kuamka nimechoka kuliko nilivyolala. Mke wangu alinigusa bega nami nikahisi ni mkono wa mtu anayetaka kitu ambacho sina tena, nikageukia ukutani. Wanaume hatuandiki hayo. Basi mimi nimeandika.

Mke wangu ni Mama Deborah, jina la binti yetu wa kwanza. Anashona nguo za kike Kamalondo, wazazi wake walitoka Kasai, na anasema Kifaransa kizuri kuliko changu, jambo ambalo hajawahi kunificha. Miezi ile alikuwa wakili wangu. Dada yangu mkubwa, Yaya Monique, alikuja kila Jumatano na habari kwamba nimerogwa na mwenzangu kazini anayekitamani cheo changu.

“Cheo gani, Yaya?” nilimuuliza. “Hata mimi sikitamani.”

“Batu banaroga hata juu ya kiti ya kuvunjika,” alijibu. “Kuja ku maombi.”

Mama Deborah alikuwa anaweka pini kwenye gauni. Alizitoa mdomoni ndipo akasema, “Yaya, bwana yangu iko mugonjwa. Minamujua. Huyu hata akirogwa hatajua, analala mpaka saa sita. Hii ni ugonjwa. Tutatafuta munganga wa kusomea.”

Munganga wa kusomea alitutafuta yeye. Jumapili moja ya vumbi la mwezi wa nane alikuja uwanjani mwanamke mwembamba aliyebeba bahasha, akajitambulisha kama Docteur Clarisse. Alikuwa katika kikundi cha utafiti hospitalini. Walitaka kujua kama kichwa kilichogongwa mara nyingi katika michezo huja kuleta huzuni na usahaulifu mtu akizeeka. Walihitaji wachezaji wa zamani. Hakuna anayelazimishwa, alisema, majina hayatatolewa kwa mtu yeyote, na atakayeonekana anahitaji kutibiwa atatibiwa. Alisema wazi kabisa, kwa Kiswahili cha hapa hapa, na labda ndiyo sababu hatukumwamini.

Alipoondoka, Capita alituita kwenye buvette, kibanda cha bia kilicho nyuma ya goli.

“Huyu mudada iko muzuri,” alisema. “Lakini karatasi yake itafika ku ligue. Banasoma: kichwa imearibika. Banakata licence, haucheze tena. Jumapili utafanya nini? Utafua nguo na bibi yako?”

Ili mwelewe tulichofanya baada ya hapo, lazima mjue tulivyolelewa. Mchezaji wa mji huu hajawahi kukutana na daktari kwa nia njema. Daktari alikuwa kizingiti kati yako na uwanja, kama beki. Unampita. Nilipokuwa kijana, timu yetu yote ilijifunza kwa moyo zile herufi za kupima macho, hata winga wetu ambaye hakuweza kuona kibendera cha kona. Capita alibatizwa mara ya pili ili cheti kipya kimpunguzie miaka minne, na padri wa pili hakuambiwa kuhusu wa kwanza. Mimi nilitumia cheti cha kuzaliwa cha mdogo wangu. Hatukuona kwamba ni uongo. Ilikuwa sehemu ya mazoezi, baada ya kukimbia na kabla ya kuoga.

Basi tulikubali utafiti, wote kumi na mmoja, ili tuupite.

Chumba cha kungojea kilikuwa kirefu, chenye mabenchi matatu ya mbao na saa ya ukutani iliyosimama. Hewa ilinuka dawa ya sakafu na maandazi. Kina mama waliokuwa na wagonjwa wao walitutazama kwa huruma, wanaume wazima kumi na mmoja tumevaa mashati ya Jumapili siku ya kazi. Docteur Clarisse alituita mmoja mmoja. Wa kwanza kutoka alikuwa beki wetu wa kulia, mwalimu wa shule ya msingi.

“Ananisomea maneno kumi na tano,” alinong'ona. “Kisha anasema, rudilia. Kisha anauliza mambo ingine, kisha anasema, rudilia tena.”

“Maneno gani?” aliuliza Capita.

“Sabuni. Treni... Shangazi. Ingine imeniponyoka.”

Capita alitoa mfukoni karatasi ya mechi, ile tunayojaza majina ya wachezaji, akaigeuza, akaandika: sabuni, treni, shangazi. Wa pili alileta treni, kuku na chumvi. Wa tatu alileta mawili tu, lakini yalikuwa mapya. Hapo ndipo tulipocheza mpira wetu bora kuliko wote. Hapakuwa na mtu kati yetu aliyeweza kushika maneno zaidi ya matano. Lakini kila anayeingia aliambiwa: wewe sahau ya mbele, shika ya katikati, wewe lete ya mwisho. Mpaka wa saba, orodha ilikuwa kamili na imepangwa. Vichwa saba vilivyovunjika vilitengeneza kichwa kimoja kizima, nasi tukakitumia kwa zamu.

Mimi niliwekwa mwisho, kwa kuwa nimesoma. Nilikaa na ile karatasi saa nzima, midomo ikitembea, kama mwanafunzi wangu siku ya mtihani. Nilipoingia, nilimpa Docteur Clarisse maneno yote kumi na tano kwa mpangilio, bila kupumua. Nusu saa baadaye nikampa tena.

Aliinua macho. “Papa Prof, sijapata mutu wa hivi. Hata wanafunzi wangu wa médecine.”

“Ni kazi ya historia,” nilisema. “Tunazoea orodha za wafalme.”

Kisha akaja kwenye maswali ya moyo, na hayo hayakuhitaji karatasi. Unalia bila kujua sababu? Hapana. Vitu ulivyovipenda, bado unavipenda? Sana. Aliweka kalamu chini kabla ya swali la mwisho. “Kuna siku unaona ingekuwa afazali usiamuke?”

Nilitabasamu. Najua lile tabasamu, nalitumia kwa mkuu wa idara. “Hapana, docteur.”

Karatasi ya mechi ilikuwa imekunjwa kwenye mfuko wa ndani wa koti. Nje, Capita alinikumbatia. Tulikuwa tumewapita.

Barua ilifika baada ya wiki tatu. Mama Deborah aliifungua mwenyewe, amesimama karibu na mashine yake, kwa sababu alikuwa ameingojea kuliko mimi. Alikuwa ameiambia familia yake yote: subirini, hospitali itasema. Aliisoma mara mbili. Hapakuwa na mengi. Kumbukumbu ni nzuri sana, dalili za huzuni hazikuonekana.

“Hauko mugonjwa,” alisema.

“Inaonekana hivyo.”

“Papa Deborah, niangalie. Minasema na ndugu zangu kama uko mugonjwa. Minasema na dada yako. Minabeba hii nyumba miezi tano, kwa sababu mutu mugonjwa haumusumbue. Na sasa docteur anasema kichwa iko muzuri, roho iko muzuri.” Aliiweka barua juu ya kitambaa taratibu, kama kitu kinachoweza kuchafua. “Basi unafanya kusudi. Haututaki tu.”

Ningeweza kusema pale pale. Sentensi moja ingetosha: niliiba mtihani. Lakini mtu mwenye ugonjwa ule hasemi sentensi moja. Anaitazama ikipita, kama golikipa anayeuona mpira ukiingia wavuni, miguu imeganda. Mke wangu alihamisha mto wake kwenda chumba cha Deborah, na kuanzia siku ile aliniwekea chakula kwa adabu, kama mpangaji.

Sikieni vizuri hapa, maana hii ndiyo sababu ya kuandika. Nilidhani nimemdanganya daktari. Daktari alirudi nyumbani kwake akala vizuri. Niliyemdanganya ni mtu pekee aliyekuwa ananitetea, na nikamwondolea silaha yake kwa mkono wangu.

Joto la mwezi wa kumi lilikuja, kabla ya mvua, wakati mji mzima una hasira. Asubuhi moja nilisimama darasani nikafungua mdomo, na hakuna kilichotoka, hata “njia ya chuma”. Nilichukua mkoba wangu nikatoka. Nilipanda gari la kwanza lililosimama, bila kuuliza linakwenda wapi, na lilinishusha Luano, karibu na uwanja wa ndege. Nikakaa kwenye ukuta mfupi ulio nje. Watu walikuwa wakiagana, wakilia, wakishikana mikono ya koti. Niliwaonea wivu. Walikuwa na sababu. Na nikawaza, kwa utulivu ambao bado unanitisha, kwamba kutokuwepo kwangu kungekuwa adabu tu, kama kumwachia mwenzako kiti.

Mwanamke aliyekuwa anauza karanga za kuchemsha alinitazama kwa muda, kisha akaja na beseni lake.

“Papa, unangojea nani?”

“Sijui, mama.”

“Ndege ya saa sita imeisha kwenda. Ile ingine ni kesho.” Alikaa karibu nami, akajaza kiganja changu karanga. “Kula. Bibi iko ku nyumba?”

“Iko.”

“Leta téléphone.”

Nilimpa. Sijui jina lake mpaka leo. Alimpigia Mama Deborah, akamwambia mahali tulipo, kisha akakaa nami saa nzima, akiuza karanga kwa mkono mmoja na kunishika mkono wa koti kwa mwingine, kama mtoto anayeweza kukimbilia barabarani. Mke wangu alikuja kwa teksi, nyuzi zimemshika kwenye blauzi. Ndani ya teksi alikaa nyuma pamoja nami, hakukaa mbele.

Kesho yake asubuhi alichukua koti langu lililojaa vumbi la ule ukuta ili alifue, akapekua mifuko kama anavyofanya siku zote. Alikuja kitandani na karatasi ya mechi.

“Hii ni nini? Sabuni, treni, shangazi, kuku. Ni liste ya soko? Nani ananunua shangazi?”

Nikacheka. Mara ya kwanza tangu mvua. Kisha nikalia, kisha nikamweleza: ligue, licence, Capita, herufi za macho, maneno kumi na tano. Na kwamba nilikuwa nimesema hapana kwa kila swali la moyo, na kila hapana ilikuwa ndiyo. La mwisho pia.

Mke wangu akaanza kunipiga mgongoni kwa ile karatasi iliyokunjwa, si kwa nguvu, kila neno na pigo lake. “Bazee! Bajinga! Muliiba! Ugonjwa! Batu banaiba mali, nyinyi munaiba ugonjwa!” Akaketi ukingoni mwa kitanda. “Kumbe uko mugonjwa,” akasema, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyerudishiwa kitu. “Vaa viatu.”

Hakuomba miadi. Aliingia chumba cha Docteur Clarisse akinivuta, akaweka karatasi mezani.

“Docteur, huyu mwanaume alicopier examen. Na timu yake yote. Umupime tena, na mimi nitakaa hapa.”

Docteur Clarisse aliigeuza karatasi, akaona majina ya wachezaji upande mmoja na maneno yake upande wa pili. Alijaribu kukasirika. “Nilijiuliza,” alisema. “Wazee wa Katuba, kila anayeingia anapita wa mbele yake. Nilitaka karibu kuandika article.” Kisha akafungua droo, akatoa orodha nyingine.

Niliogopa kuliko nilivyoogopa penalti yoyote. Alisoma polepole. Kisu, mto, kofia, maziwa, na mengine kumi na moja. Akasema, rudilia.

“Kisu,” nilisema. “Maziwa. Mto.” Nilitafuta. Ilikuwa kama kuingiza mkono kwenye gunia ukakuta sakafu. “Sabuni.”

“Sabuni ni ya liste ya kwanza, Papa Prof.”

“Kofia.”

“Ndiyo. Ingine?”

“Shangazi?”

Mke wangu aliziba mdomo. Manne. Mtu aliyepasi mitihani yake yote tangu darasa la kwanza alipata manne juu ya kumi na tano mbele ya mkewe. Kisha maswali ya moyo, na safari hii nilijibu nikiangalia sakafu, ndiyo, ndiyo, hapana, ndiyo, na la mwisho, ndiyo. Nikasikia mkono wa Mama Deborah ukiingia chini ya kwapa langu, ukakaa hapo.

Docteur Clarisse alisema nina dépression, ugonjwa wa huzuni, na kwamba kichwa changu kimegongwa mara nyingi mno, na kwamba mambo hayo mawili yanajuana ingawa wao bado wanatafuta yalivyojuana. Alisema hajui kama maneno yote yatarudi. Alisema huzuni inaweza kutibiwa, na kwamba wazo lile la Luano, likirudi, ni la kusemwa siku hiyo hiyo, kwa mtu aliye karibu, si la kutunzwa. Ninawapa hilo kama nilivyopewa.

Matibabu yalianza na mvua. Wiki sita za kwanza vidonge vilinipa mdomo mkavu na hakuna kingine, na nilitaka kuacha kila siku. Msiache. Uyoga wa kwanza ulipofika sokoni, Mama Deborah aliupika, nami nikagundua kwamba nasikia ladha. Sikumwambia, niliomba tena. Aliitazama sahani, akanitazama, akaingia ndani akachelewa kutoka. Jioni hiyo mto wake ulirudi.

Yaya Monique alikuja Jumatano yake na mafuta ya kuombewa. Nilimwambia aombe, tena kwa sauti, nampenda, lakini vidonge ningemeza mbele yake. Nikameza. Kichwani kwangu hapana mchawi, nilimwambia. Mna goti la fundi cherehani, na miaka kumi na minane ya ujinga wangu mwenyewe. Aliniombea hata hivyo, na alipomaliza akauliza kama dawa hiyo wanampa pia mtu ambaye hakucheza mpira. Tangu mumewe afariki, alisema, haonji chumvi. Nilimpeleka mwezi uliofuata.

Wenzangu ndio waliokuwa kazi ngumu. Docteur Clarisse alifuta majibu ya timu nzima akawaita upya, na hakuna aliyekwenda. Capita alinifuata nje ya kanisa.

“Umetuuza,” alisema. “Miaka kumi na nane mu goli, haujui hata kufunga mulango ya kinywa?”

“Sikuwahi kujua kufunga mlango wowote, Capita. Muliniita Boutique.”

Hakucheka. Aliniambia nisikanyage uwanjani. Jumapili iliyofuata nilikanyaga. Sidaki tena, na sitadaka. Ninasimama pembeni na kofia yangu, na mtu akianguka kwa kichwa ninaingia, refa akitaka asitake, ninamtoa. Nimetukanwa kwa Kiswahili, Kiluba, Kibemba na Kifaransa. Winga mmoja alinisukuma nikakaa chini. Niliinuka nikarudi kumshika mkono. Sasa wanajua kwamba ni haraka zaidi kutoka kuliko kubishana nami, na hilo linanitosha. Darasani nimewaambia wanafunzi kwamba nitasahau majina yao, na kwamba mwenye kunikumbusha neno lililopotea hanidharau. Wanarusha maneno kutoka nyuma kama watu kwenye mnada. Tasnifu bado inakaribia kumalizika. Hilo wasilisingizie goti.

Mwezi wa sita, baridi iliporudi, nilikuwa kwenye lile benchi nikingojea kuonwa, Capita akaingia. Alikuwa amevaa ovaroli ya gereji. Nilikuwa nimeshaambiwa na mke wake: alimrushia mwanafunzi wake wa kazi spana, yeye ambaye hajawahi kupiga mtu, na mara mbili alipita nyumba yake mwenyewe bila kuitambua. Alikaa mwisho wa benchi. Kisha akasogea. Kisha akasogea tena.

“Prof. Ile liste mupya.”

“Ndiyo.”

“Weye ulipita mule. Nipe tu tano za mbele. Ingine nitaangaika mwenyewe.”

“Hapana.”

“Prof. Miye njo capitaine yako.”

“Ingia na kichwa yako, Capita.”

Aliangalia mikono yake, ile mikubwa yenye mafuta kwenye kucha. “Na kama hamuna kintu ndani?”

“Basi aone kwamba hamuna. Kazi yake njo hiyo.”

Walimwita. Alikaa huko muda mrefu kuliko mechi. Alipotoka hakuniangalia; aliketi palepale karibu nami.

“Tano,” alisema. “Juu ya kumi na tano. Tano tu.”

“Mimi nilipata nne.”

Aligeuka. Alinichunguza kuona kama namdanganya. “Na université yako yote?”

“Na université yangu yote.”

“Basi minakupita.”

“Umenipita.”

Alianza kucheka, nikamfuata, mpaka kina mama wa benchi la pili wakageuka na muuguzi akaja kutuambia kwamba hapa ni hospitali. Tukanyamaza. Muuguzi alipokuja mara ya pili, Capita alikuwa ameweka uso wake begani kwangu na ovaroli yote inatikisika kwa kilio, mbele ya watu, mchana kweupe. Nikamwambia muuguzi atuache, bado hatujamaliza.